Wamishonari wazee wanamaliza utumishi Malindi: tuanze na nini, na ni kipi husahaulika?

katibu_wa_barani anauliza:

Hamjambo wanajukwaa. Kanisa letu hapa Malindi lina wazee wawili kutoka Marekani, bwana ana miaka 71 na mama 68. Walitumwa na kanisa lao la nyumbani na sasa wametimiza miaka minne. Mzee ana kibali cha daraja la I, kile cha shughuli za dini na hisani, na mama ana pasi ya mtegemezi. Wanaondoka mwisho wa Julai. Kuishi hawarudi tena, ila huenda wakaja kutembea.

Hali ilivyo ni hii. Wamepanga nyumba Ngala. Wana mama wa kazi aliyekuwa nao miaka yote minne kwa mshahara wa 18,000 kwa mwezi, na mlinzi wa usiku mwenye miaka miwili. Gari walilinunua Mombasa na logibuku, hati ya umiliki wake, ina jina la mzee. Yeye pia ni mmoja wa watia saini watatu wa akaunti ya mradi wetu wa kisima. Wanawalipia karo wanafunzi sita. Halafu kuna jenereta, sola iliyo juu ya paa, vitanda vya wageni na friji mbili, na ukiuliza ni vya nani, kila mtu ana jibu lake.

Baraza la kanisa limenipa kazi ya kuwasaidia kufunga. Sherehe ya kuwaaga isiwatie wasiwasi, kamati ipo na mbuzi wameshaahidiwa. Ninachotaka kwenu ni mpangilio: lipi litangulie, na wapi watu hukwama ndege ikishaondoka.

mhasibu_mstaafu:

Katibu, usianze na masanduku. Anza na simu ya mzee.

Karibu kila kitu chenye jina lake hapa nchini, iwe eCitizen (tovuti ya huduma za serikali), benki au M-Pesa, huthibitishwa kwa namba ya siri inayotumwa kwenye laini yake ya Kenya. Laini ikizimika yeye akiwa kwao, gari halihamishiki na akaunti haifungiki. Kwa hiyo gawa kazi zote mafungu mawili: zinazohitaji mwili wake, saini yake au simu yake, na zile ambazo nyinyi mnaweza kumalizia. Fungu la kwanza lote liwe limeisha wiki mbili kabla ya safari. Laini yenyewe asiitupe. Aende nayo, aiwashie huduma ya kutumika nje ya nchi, aitie salio mara kwa mara mpaka jambo la mwisho lifungwe.

Gari. Uhamisho wa logibuku hufanyika kwenye mfumo wa NTSA, mamlaka ya usafiri, kupitia eCitizen. Muuzaji ndiye anayeanzisha: anaingiza kitambulisho na PIN ya mnunuzi (namba yake ya mlipakodi), ada inalipwa kulingana na ukubwa wa injini, kisha mnunuzi anaingia kwenye akaunti yake mwenyewe na kukubali. Asipokubali, gari bado ni la mzee hata kama funguo zimeshatolewa. Yule mnunuzi anayesema "nitabadilisha baadaye, niandikie tu karatasi" mkimbieni. Gari likigonga mtu mwezi wa Septemba, jina litakalotafutwa ni la mzee aliye Marekani. Bima nayo ikatishwe kwa barua siku ya uhamisho, na aombe kurudishiwa sehemu ya malipo ambayo haijatumika. Kwa kuwa gari lilinunuliwa hapahapa, hakuna suala la ushuru. Lingekuwa limeingizwa kwa msamaha wa ushuru kwa ajili ya kanisa, msingeliuza kwa mtu wa kawaida kabla ya kwenda KRA, mamlaka ya kodi, kulipa ushuru uliosamehewa. Hakikisheni hilo kwa kusoma karatasi za ununuzi, msitegemee kumbukumbu.

KRA. Mzee ana PIN, na hata kama hakupata shilingi moja hapa, anadaiwa ripoti ya kodi ya mwaka huu. Itajazwa kuanzia Januari ijayo, na mwisho ni tarehe 30 Juni. Akichelewa, faini ya mtu binafsi ni 2,000 au asilimia 5 ya kodi anayodaiwa, ile iliyo kubwa. Sasa angalieni jambo jingine linalouma zaidi: kama PIN yake iliandikishwa pia kama ya mwajiri kwa sababu ya wale wafanyakazi wawili, wajibu wa kuripoti PAYE, ile kodi ya mshahara anayokata mwajiri, unaendelea kila mwezi, tarehe 9, hata kama hakuna mfanyakazi tena. Kuchelewesha ripoti moja ya PAYE ni 10,000 au asilimia 25 ya kodi, ile iliyo kubwa. Piga hesabu ya miezi kumi na miwili. Aombe wajibu huo uondolewe kwenye PIN yake kabla ya kusafiri, na abaki na uthibitisho.

Benki. Akaunti yake binafsi ifungwe akiwa amekaa mbele ya karani. Aondoe kwanza malipo yote yanayojiendesha, angoje hundi zilizo nje zirudi. M-Pesa hubeba hadi 500,000 na muamala mmoja hauzidi 250,000, kwa hiyo akiwa anauza vitu asirundike pesa humo mpaka siku ya mwisho. Akitaka kutoka na pesa taslimu zinazofikia dola 10,000 au zaidi, au thamani hiyo kwa sarafu nyingine, ni lazima atangaze forodhani. Kutuma kwa benki ni salama zaidi.

Akaunti ya mradi ni kazi yenu zaidi kuliko yake. Kaeni kikao, muhtasari useme wazi kwamba fulani anatoka na fulani anaingia kuanzia tarehe hii, usainiwe na mwenyekiti na katibu, upelekwe benki pamoja na vitambulisho na picha za anayeingia. Benki nyingi zitataka watia saini wa zamani wathibitishe. Msiache hundi tupu alizosaini mzee "za dharura". Hilo si dharura, ni mtego kwa wote.

Na kwa sababu ni Wamarekani: sheria yao huhesabu hata akaunti ambayo mtu ana saini tu bila kuwa na senti yake ndani. Ikiwa jumla ya akaunti zote za nje alizo na mamlaka juu yake ilipita dola 10,000 siku yoyote ya mwaka, anatakiwa kujaza fomu ya FBAR. Mpeni taarifa za akaunti ya mradi zinazoonyesha salio la juu kabisa la mwaka huu, maana akishaondolewa benki haitampa.

mama_leba:

Mhasibu kasema vizuri, lakini kwenye wafanyakazi amepita mbio, na hapo ndipo majuto hutokea.

Swali la kwanza: mwajiri ni nani? Tazama mkataba, na kama hakuna mkataba, tazama mshahara ulitoka wapi. Ikiwa kanisa ndilo lililokuwa likilipa na nyumba inachukuliwa na mtumishi mwingine, kazi ya yule mama haijaisha. Anaendelea na miaka yake minne inabaki palepale. Ikiwa walilipa wazee wenyewe, kazi inakufa wakiondoka, na kisheria hiyo ni kupunguzwa kazi kwa sababu nafasi haipo tena. Kifungu cha 40 cha Sheria ya Ajira ya 2007 ndicho kinachohusika. Wafanyakazi hawakufukuzwa, hawakuacha, wala muda wa mkataba haukuisha wenyewe. Msikubali mtu awaambie "ni mfanyakazi wa nyumbani tu". Sheria haikumtenga.

Barua mbili zitolewe angalau mwezi mmoja kabla: moja kwa mfanyakazi mwenyewe, ikieleza sababu na tarehe, nyingine kwa afisa wa leba wa eneo. Kwa safari ya mwisho wa Julai, barua ziwe mikononi kabla Juni haijaisha. Zikiwa hazijatoka, mwezi huo utalipwa kwa pesa.

Hesabu ya yule mama sasa. Mshahara 18,000. Malipo ya kupunguzwa kazi ni siku zisizopungua 15 kwa kila mwaka uliokamilika. Ukigawa mshahara kwa 30, siku moja ni 600, mwaka mmoja 9,000, miaka minne 36,000. Ukigawa kwa 26, ambazo ndizo siku za kazi za mwezi, siku ni 692, na jumla inafika 41,538. Mimi nawashauri watu wagawe kwa 26. Tofauti ni kama elfu tano na nusu, na inazima ugomvi kabla haujawaka.

Ongeza likizo. Anastahili siku 21 za kazi kwa mwaka. Kama zimebaki siku 10 hajazichukua, ni 10 mara 692, yaani 6,920 hivi. Ongeza siku alizofanya kazi mwezi wa mwisho. Ile zawadi ya shukrani ambayo wazee wengi hupenda kutoa iandikwe peke yake, chini kabisa, kwa jina lake: zawadi. Ikichanganywa na haki, baadaye hakuna anayejua kipi kilikuwa kipi, na mfanyakazi ana haki ya kusema hakulipwa siku zake.

Kabla ya kulipa, pitieni michango. NSSF, ile akiba ya uzeeni, ilipelekwa? SHA ya bima ya afya, ambayo ilichukua nafasi ya NHIF Oktoba 2024, je? Kwa mshahara wa 18,000, mchango wa afya ni asilimia 2.75, yaani 495, na tozo ya nyumba ni asilimia 1.5 kwa mfanyakazi na asilimia 1.5 nyingine kwa mwajiri, 270 kila upande. PAYE haimgusi kwa kuwa yuko chini ya 24,000. Miezi iliyorukwa ilipwe sasa. Na asije mtu akawadanganya kwamba ikilipwa NSSF basi zile siku 15 zimefutika. NSSF huondoa yale malipo ya utumishi ya kifungu cha 35. Haigusi kifungu cha 40.

Kisha cheti cha kazi. Ni haki, si hisani: jina na anwani ya mwajiri, jina la mfanyakazi, tarehe ya kuanza, aina ya kazi na mahali, tarehe ya kumaliza. Barua ya kumsifu ni karatasi nyingine, nayo wampe pia, maana kwa mama wa kazi Malindi barua ya mama wa Kizungu inayoeleza anapika nini, anatunza mgonjwa vipi na anashika pesa za soko kwa uaminifu gani inafungua mlango kuliko cheti chochote. Waandike namba ya mtu aliye hapa anayeweza kupigiwa. Namba ya Marekani hakuna atakayeipiga.

Mlinzi hesabu ni ileile, miaka miwili badala ya minne. Kama anatoka kwenye kampuni ya ulinzi, hamumlipi nyinyi, mnakatisha mkataba na kampuni kwa notisi iliyoandikwa ndani yake.

katibu_wa_barani:

Shukran sana mama. Mshahara walilipa wao wenyewe, kwa M-Pesa, na mkataba upo wa ukurasa mmoja. Mlinzi si wa kampuni.

Kwa ile sola na jenereta mnasemaje? Na hawa watoto sita?

mwalimu_wa_gede:

Vyombo kwanza kwa sababu ni vyepesi. Chukua daftari, pita chumba kwa chumba ukiwa na mzee na mweka hazina, na kila kitu kipate moja ya majibu matatu: kilinunuliwa kwa pesa zao za mfukoni, kilinunuliwa kwa michango iliyotumwa kwa ajili ya kazi, au kiliazimwa. Cha michango si chao kugawa, hata kama ni wao walioandika barua za kuomba. Hicho ni cha kanisa, kinaingia kwenye daftari la mali kikiwa na namba ya mtambo. Cha mfukoni wafanye wanavyotaka, ila wafanyakazi wapewe nafasi ya kwanza kununua au kupewa. Bei ziandikwe kwenye karatasi moja, pesa kabla ya kubeba, na friji na kitanda viondoke siku mbili za mwisho.

Sola isikabidhiwe kwa maneno. Fundi aje apime betri moja moja. Zikiwa za asidi, mtu wa kanisa afundishwe kuongeza maji yaliyosafishwa, si ya bomba, na kusugua chumvi kwenye vichwa vya nyaya. Upepo wa bahari hapa unakula shaba na chuma. Na mwenye nyumba aulizwe mapema: kilichofungwa kwa skurubu kwenye paa lake anaweza kudai ni chake. Kama wanaiondoa, mashimo yazibwe kabla ya ukaguzi wa dipoziti. Mita ya umeme ya tokeni haina deni, tokeni zilizobaki anazikuta mpangaji mpya. Maji ndiyo ya kusomewa mita ya mwisho na kulipa bili mpaka siku hiyo.

Watoto sasa. Hapa nitakaa kidogo.

Kinachoharibika ni ahadi ya mdomo. Mzee anaondoka akiwa na uchungu, mzazi analia barazani, maneno yanatoka: "tutaendelea kusaidia." Miezi sita baadaye pesa inakuja nusu, au inakuja kupitia mtu, na yule mtu anageuka adui wa familia mbili. Kila mtoto aandikiwe karatasi yake kabla ya Juni kwisha: jina, shule, kidato, karo ya mwaka kwa muhula, nani analipa, na mpaka lini. Kipimo kizuri cha "mpaka lini" ni hatua ya masomo, kwa mfano mpaka amalize kidato cha nne au mwisho wa muhula wa tatu mwaka huu. "Mpaka Mungu atakapojalia" haimsaidii mwalimu mkuu kupanga bajeti.

Kwa kuwa wanatoka mwisho wa Julai, muhula wa pili utakuwa unaelekea ukingoni. Walipe muhula wa tatu sasahivi, kwa akaunti au paybill ya shule yenyewe, namba ya mwanafunzi ikiwa kwenye nafasi ya akaunti, risiti moja kwa mzazi na moja kwa kanisa. Hilo linawapa wazazi miezi mitano ya kujipanga na kuomba basari ya kaunti au ya eneo bunge. Wakitaka kuendelea mwakani, watume kwa kanisa, kanisa lilipe shule, na risiti zirudi kwao kila muhula. Kamwe pesa isipitie kwa mwanafunzi, wala kwa mama wa kazi wao wa zamani, hata awe mwaminifu namna gani. Mnamtwika mzigo usio wake.

Mwenye kuambiwa kwamba msaada umefika mwisho aambiwe na wazee wenyewe, ana kwa ana, mzazi akiwepo. Msiachiwe nyinyi kazi hiyo baada ya ndege.

Halafu, daftari la ubatizo, la ndoa, orodha za waumini na mafaili ya watoto ni mali ya kanisa. Hazisafiri kwenye kompyuta ya mzee. Zinakiliwe hapa, kisha zifutwe kwake. Sheria ya Ulinzi wa Data ya 2019 inahusu kanisa pia.

nesi_wa_zamu:

Naongeza ya afya, maana wazee wa miaka sabini hawarudi nyumbani kama vijana.

Dawa za kuzuia malaria haziishii uwanja wa ndege. Wanaotumia Malarone wamalize siku 7 baada ya kutoka, wanaotumia doksisaiklini au mefloquine wiki 4. Wengi huacha wakishapanda ndege, halafu homa inawapata kwao. Malaria yetu ya pwani kwa sehemu kubwa ni falciparum, ile inayoua haraka, na daktari wa huko hataiwaza mgonjwa asipoitaja. Homa yoyote katika miezi mitatu ya kwanza, na hata mpaka mwaka, neno la kwanza hospitalini liwe "nimetoka pwani ya Kenya, nipimeni malaria leo".

Kichocho: maji ya bahari hayana, wasihangaike. Lakini kama mzee aliingia mto Sabaki, mto Tana au kwenye mabwawa wakati wa kazi ya visima, apimwe kama wiki nane tangu mara ya mwisho alipogusa maji hayo. Kupima mapema kunatoa jibu la uongo. Kuna pia mnyoo wa udongoni uitwao strongyloides, unaoweza kukaa mwilini miongo bila dalili. Hatari yake ni pale mzee anapopewa dawa kama prednisolone kwa pumu au maungo: mnyoo unazaana ghafla. Waombe kipimo chake wakifika, wasingoje kuumwa.

Kama wanapanga kupumzika Zanzibar njiani, Tanzania itawadai cheti cha homa ya manjano kwa sababu wanatoka Kenya. Cheti huanza kufanya kazi siku 10 baada ya sindano na tangu Julai 2016 hudumu maisha yote, kwa hiyo cha zamani kinatosha. Kama hawajachanjwa kabisa, wazungumze na daktari, maana waliopita miaka 60 madhara makali huwapata zaidi. Huenda ikawa busara kuiacha Zanzibar.

Dawa za presha na sukari ziwe za miezi mitatu, kwenye vifungashio vyake, pamoja na barua ya daktari, zote kwenye begi la mkononi. Insulini isiwekwe tumboni mwa ndege, huganda. Faili la hospitali linakiliwe. Na Bima: Marekani mtu wa zaidi ya 65 aliyeacha sehemu B ya Medicare (bima ya afya ya wazee ya serikali yao) akiwa anajitolea nje kwa miezi 12 au zaidi kupitia shirika lisilolipa kodi, akiwa na bima nyingine ya afya wakati huo, ana dirisha la miezi 6 kujiandikisha bila faini. Atahitaji barua ya shirika yenye tarehe za kuanza na kumaliza. Mpeni kabla hajaondoka.

bint_wa_langoni:

Salamu kutoka Lamu. Nitasema ya mizigo na ya kuagana, mengine yameshasemwa.

Ndege ndogo nyingi za kutoka Malindi na Manda zinaruhusu kilo 15 tu, na begi laini. Ndege kubwa inawaruhusu kilo 23 kwa begi. Ile tofauti ndiyo inayowafanya watu wafungue masanduku sakafuni uwanjani. Na kama ndege yao inatua Wilson na ya kwenda ng'ambo inatoka Jomo Kenyatta, hizo ni pembe mbili za Nairobi na msongamano katikati. Walale Nairobi usiku mmoja. Vinginevyo waende kwa barabara mpaka Mombasa na mizigo yao yote.

Zawadi za kubeba. Gamba la kasa au ng'amba, pembe ya ndovu, matumbawe: hapana, hata kama ni zawadi ya mvuvi aliyewapenda. Makombe nayo wayaache ufuoni. Vitu vya kale vilivyotengenezwa au kuingizwa nchini kabla ya 1895 havitoki bila idhini chini ya Sheria ya Makumbusho na Urithi ya 2006. Kiti cha enzi, kasha au kizingiti cha mlango kilichochongwa juzi hakina tatizo, lakini forodha haijui ni cha juzi. Fundi aandike risiti: jina la kitu, mbao gani, mwaka wa kuchongwa, bei, sahihi na simu yake. Kwa kitu chenye shaka waende makumbusho ya Lamu au ya Malindi kikaangaliwe kabla ya kufungwa.

Kwa kuwa wako upande wenu wa Wagiriama, wasikubali kigango, ile nguzo ya mbao ya kumkumbuka marehemu, hata kwa heshima. Vingi vinavyouzwa vimeng'olewa makaburini mwa watu wa Gohu, chama cha wazee wa Kigiriama. Makumbusho ya Denver, hukohuko Marekani, yalitangaza mwaka 2014 kurudisha vigango 30.

Vinyago vya mpingo vinaruhusiwa vikiwa vimemalizika na jumla ya mbao hiyo isizidi kilo 10 kwa mzigo. Ngoma yenye ngozi mbichi itazuiwa. Embe na madafu yabaki, korosho zilizokaangwa zinapita ila watangaze chakula chote, hata pakiti ndogo. Wakituma kasha kwa meli, mzigo usiojaza kontena hulipiwa kwa mita za ujazo, na gharama za bandari ya kupokelea mara nyingi hushinda nauli yenyewe. Waulize bei ya pande zote mbili kabla ya kukubali. Mbao za kreti ziwe na muhuri wa kuchomwa joto, nyuzi 56 kwa dakika 30, la sivyo linarudishwa. Fungeni siku kavu. Julai bado kuna manyunyu, na vitabu vikifungwa na unyevu vitafika na ukungu.

Kuagana. Katibu, umesema mbuzi wapo. Nani atawachinja? Majirani wa Ngala wengi ni Waislamu, na wakijua amechinja Mwislamu kwa bismillahi wataketi na kula. Wasipojua watakuja, watashukuru, hawatagusa sahani. Wekeni baada ya Alasiri, isiwe Ijumaa mchana.

Na kabla ya siku hiyo, wazee wapite wenyewe nyumba za jirani, mwenye duka, bodaboda wao, imamu wa mtaa, waombe radhi: "tumekaa pamoja, kama kuna tulilowakosea mtuwie radhi." Mtu mzima anayesafiri safari ya kutorudi bila kuomba radhi huku kwetu anaacha neno nyuma. Haina gharama. Mama akipewa leso, msomeeni jina la leso, yale maneno yaliyoandikwa juu yake, kabla hajajifunga kwenda kanisani, maana mengine ni ya kumsuta mke mwenza.

mhasibu_mstaafu:

Nimesahau la kibali. Kanisa lililoomba kibali liiandikie Idara ya Uhamiaji kwamba mzee amemaliza, na wasikae hata siku moja baada ya tarehe ya mwisho iliyopigwa kwenye pasipoti. Pasi ya mama inategemea kibali cha mzee, kikifa nayo imekufa. Wakija kutembea mwakani, wataingia kama wageni wengine kwa eTA, ruhusa ya kuingia nchini inayoombwa mtandaoni kabla ya safari. Kibali cha zamani hakiwafungulii mlango. Wasiseme wanakuja "kusaidia kidogo kanisani", maana hiyo ni kazi na eTA hairuhusu.

Kuna anayewaza kustaafu hapa moja kwa moja? Hicho ni kibali cha daraja K: umri zaidi ya 35, na mapato ya uhakika ya dola 24,000 kwa mwaka yasiyotokana na kazi ya humu nchini. Lakini kwa mlivyoeleza, wao wameshaamua.

katibu_wa_barani:

Nimeyachapa yote. Barua za mama wa kazi na mlinzi tunaziandika Jumatatu, na mchinjaji nimeshampata wa Shella. Mama leba, afisa wa leba anataka nakala ngapi?

mama_leba:

Peleka tatu. Moja abaki nayo, moja igongwe muhuri wa kupokelewa urudi nayo, ya tatu iwe ya mzee aibebe. Uliza muhuri uwe na tarehe inayosomeka.